Mwalimu wa Bosibori

Jumatatu, 11 Januari 1971

Jua kali. Majani ya chai machache, vikapu vyepesi, wanawake wakali. Nimefunga mizani ya kituo saa tisa nikarudi nyumbani. Nimemkuta Bosibori amejificha jikoni nyuma ya pipa la maji. Mke wangu, mama wa watoto wanne. Kisa ni amri ya naibu wa chifu: kila boma litoe mtu mzima asiyejua kusoma, aende darasa la ngumbaru hapa Ekerenyo, Jumatatu na Alhamisi alasiri. Kwetu asiyejua ni mmoja tu. Mwalimu alikuja kumchukua mwenyewe akakuta mlango umefungwa. Nilicheka sana. Nikamwambia Bosibori asiogope, wakimjua watamwacha wenyewe.

Nakumbuka mwaka tuliooana, 1961. Nilimfundisha wiki mbili, mimi mwenyewe, kwa chaki na kipande cha ubao. Hakushika kitu. Nikamwambia hana kichwa cha herufi, Mungu amempa mikono. Alilia kidogo, kisha akaenda kupalilia wimbi. Tangu siku hiyo hatujagombana juu ya jambo hilo.

Alhamisi, 14 Januari

Amekwenda. Mwalimu alirudi akakaa nje kwenye jua mpaka Bosibori alipotoka kukamua ng'ombe. Hana haya. Jina lake Kerubo, msichana wa miaka ishirini na mbili hivi, Mkatoliki kutoka upande wa Manga. Anatembea peku viatu mkononi, anavivaa akishavuka kijito. Soksi nyeupe.

Bosibori karudi amekunja uso. Kalamu inateleza, wenzake wanacheka, mgongo unauma, hatarudi tena. Nilimwambia si kitu. Nilifurahi, sioni kwa nini nisiandike.

Ijumaa, 15 Januari

Siku ya Maandalio. Nguo zimepigwa pasi, chakula cha Sabato kiko tayari. Jua lilipokaribia kuzama tulikaa kama kila Ijumaa, mimi na Biblia, yeye na mtoto mgongoni. Agano la Kale kwa Kigusii hatuna, liko la Kiswahili tu. Kwa hiyo mimi nasoma, halafu namweleza. Nyanchama wetu mkubwa ana miaka tisa, bado yuko kwenye vitabu vya picha. Msomaji wa nyumba hii ni mmoja.

Fungu la kukariri nalisoma mara mbili. Mbili tu, na halimtoki tena mpaka kufa. Kesho atasimama kanisani alitoe lote bila kukosa, Biblia mkononi, na mgeni atadhani anasoma. Wazee huniambia, karani, mke wako ni msomaji. Huwa sijibu. Maneno yake yote nimempa mimi, na ninapoyasikia yakitoka kinywani mwake kanisa likiwa kimya, hakuna kitu ninachokipenda zaidi katika wiki nzima.

Jumatatu, 25 Januari

Amekwenda tena. Mara ya nne sasa. Naibu wa chifu mwenyewe amesahau amri yake, nusu ya wanawake wameacha, hakuna anayemfuata mtu. Nilimwuliza, unaenda kufanya nini? Akasema mwalimu amemwambia atasoma kabla ya mvua za Machi.

Na wewe umeamini?

Akasema hajui. Lakini alisema akitabasamu. Mimi sikupenda.

Jumanne, 26 Januari

"Mwalimu anasema." Nimehesabu. Mara saba toka asubuhi. Mwalimu anasema maji ya watoto yachemshwe. Hilo nilisema mimi mwaka juzi, akaniambia kuni zitaisha. Leo amechemsha sufuria mbili.

Alhamisi, 4 Februari

Sikwenda kupeleleza. Nilipita tu. Njia ya dukani inapita karibu na dirisha la darasa, na dirisha halina kioo.

Bosibori alikuwa mbele ya ubao. Neno moja fupi, hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Akakwama. Nikangoja yule msichana amwambie, au amkaripie, au aite mwingine. Hakufanya lolote. Aliketi kwenye benchi akaweka mikono mapajani akamtazama, kama mtu aliyekwisha sikia jibu na hana haraka. Wenzake wakaanza kunong'ona, akawanyamazisha kwa kidole. Ukapita muda mrefu. Mimi huku nje jasho linanitoka, neno limenijaa mdomoni. Halafu Bosibori akalisema. Lote. Kwa sauti.

Akageuka akamtazama mwalimu. Uso ule sijawahi kuuona. Miaka kumi, watoto wanne, sijaonyeshwa uso ule hata siku moja.

Sikununua nilichokwenda kununua.

Jumapili, 7 Februari

Nimeamua. Kama ni kusoma, atasoma nyumbani, na atasomeshwa na mumewe. Nani aliyefika darasa la nane katika ukoo huu? Nilimwita baada ya chai, nikafungua kitabu chao, nikamwambia anza hapa.

Akaanza vizuri. Mstari wa pili akakwama. Niliweka mikono mapajani kama yule. Nikangoja. Nikaona mdomo wake unachezacheza bila kitu, nzi akatua kwenye ukurasa, mtoto akalia, nikashindwa. Nikapiga meza. Nikasema neno lenyewe, nikasema na mengine ambayo hayakuwa kwenye kitabu.

Alifunga kitabu taratibu akaenda kukamua. Ng'ombe alikuwa amekwisha kukamuliwa.

Jumatatu, 15 Februari

Leo nimejua siri ya yule msichana, na nimekasirika mpaka mizani nimeisoma vibaya, jirani yetu Mama Ondieki akanisahihisha mbele ya watu.

Ni hivi. Aligundua kwamba Bosibori ana Zaburi nzimanzima kichwani. Basi akaacha kitabu cha ngumbaru, akamwazima Biblia, akamfungulia Zaburi anayoijua, akamwambia: wewe sema tu, na kidole kitembee chini ya kila neno. Maneno unayo tayari, kilichobaki ni kuyatambua sura. Bosibori ananihadithia haya huku anacheka. Anasema ni kama kukutana sokoni na watu ambao miaka yote umesikia sauti zao nyuma ya ukuta.

Nani aliyetia maneno hayo kichwani? Ijumaa mia tano! Nilisoma nikiwa na homa, nilisoma siku tuliyomzika baba. Nimelima, nimepanda, nimepalilia, halafu anakuja mtu na soksi nyeupe anavuna kwa wiki tatu na watu wanampigia makofi.

Naona wivu. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 18 Februari

Amempelekea mwalimu mkungu wa ndizi. Ule wa nyuma ya nyumba, niliokuwa nautazama mimi.

Alhamisi, 25 Februari

Siku mbaya.

Lazima nieleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka ule wa kwanza Bosibori alikwenda kwa mama yake siku mbili bila kuniaga. Aliporudi sikumpiga, mimi si mtu wa kupiga. Ijumaa yake nilimsomea sura ya mwisho ya Mithali, ile ya mke mwema, na nilipofika katikati nikatia mstari wangu: kwamba mke mwema hatoki nje ya lango bila kumwambia mumewe. Kwa sauti ileile ya kusomea. Ulikaa vizuri mno. Mwaka uliofuata nilitaka kuuacha, nikauruka, akaniuliza mbona nimeruka. Ana kichwa cha namna hiyo. Ikabidi niuseme. Nimeusema kila mwaka tangu hapo.

Leo darasani wamesoma Mithali kwa kidole. Kidole kikafika katikati ya sura, mdomo ukabaki na mstari mzima usio na mahali pa kukaa. Mwalimu akafikiri karatasi imechanika. Wakahesabu mistari. Hakuna iliyopungua.

Bosibori aliniuliza nikiwa nanawa mikono. Hakupandisha sauti. "Baba Nyanchama, ule mstari wa lango uko wapi?"

Nikasema uko kwenye Biblia za zamani.

"Ee," akasema. Akanipa taulo.

Ijumaa, 26 Februari

Nimesoma fungu. Mara mbili. Naye alikuwa ameketi upande wangu badala ya mbele yangu, na macho yake yalikuwa kwenye ukurasa. Ananifuata. Ananikagua, mimi karani wa kanisa, kama mimi ninavyokagua vikapu vya watu.

Daftari hili limehamia darini, chini ya mahindi. Niliandika Kiswahili kwa sababu hapa nyumbani hakuna aliyekuwa akikisoma.

Jumanne, 9 Machi

Mama Ondieki ana mwana anayefanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho. Barua zake nimezisoma mimi toka mwana aondoke. Leo amekuja na barua mkononi. Nilikuwa nimeketi nje. Nikanyoosha mkono. Akanisalimu vizuri, akanipita, akauliza kama Bosibori yuko.

Nilimwuliza, Mama, leo macho yangu yamefanya nini?

Akasema hayajafanya kitu. "Lakini wewe unasoma mbio, karani, halafu mambo ya nyumba yangu nakutana nayo sokoni."

Walikaa jikoni saa nzima kwa barua ya ukurasa mmoja. Nilisikia wanaisoma neno baada ya neno, wanarudi nyuma, wanacheka, wananyamaza. Mama Ondieki alitoka anafuta macho. Mimi nilikuwa namsomea kwa dakika mbili. Hakuwahi kulia.

Namchukia yule mwalimu. Si msichana mbaya. Namchukia hivyohivyo.

Jumapili, 14 Machi

Baraza la kanisa. Tarehe ishirini na saba ni Sabato ya kumi na tatu, siku ya kufunga robo, watu wanaposimama kutoa mafungu yote ya miezi mitatu. Mzee Nyabuto, mzee wetu wa kanisa, akasema safari hii kuwe na jambo jipya. Mama Nyanchama asimame asome sura nzima. Asome, si kukariri, ili wanawake wengine waone. Wote wakaitikia. Wakanitazama mimi, wakingoja nitabasamu.

Niliandika jambo hilo kwenye kitabu cha baraza kama kazi yangu inavyotaka. Halafu nikaweka kalamu chini, nikasema kile ambacho kila mtu mwenye akili angekisema. Nikasema mke wangu namjua. Ana nusu ya Biblia kichwani. Mkimpa sura yoyote atawapa kwa kinywa, macho yakiwa juu ya dari, na nyinyi mtaita hiyo kusoma. Msilidanganye kanisa.

Mzee Nyabuto akasema karani ana neno, watalitazama.

Nilirudi nyumbani nikitembea haraka. Nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo. Kufika langoni ukarudi wote.

Jumatatu, 15 Machi

Amekwisha sikia. Kanisa halina siri. Hakuniuliza kitu. Alinipa chakula, akaongeza maziwa kwenye uji wangu kama kawaida, akaenda darasani. Ningependa angenitukana.

Jumatano, 17 Machi

Mzee Nyabuto kanifuata kwenye kituo cha chai. Mvua imeanza kutisha upande wa Manga, wanawake wanaharakisha vikapu. Akanivuta kando. Anasema neno langu limekubaliwa. Bosibori atasoma sura ambayo hajaandaa, hataijua mpaka asimame. Na mimi ndimi nitakayeichagua.

Mimi? Nikauliza mara mbili.

"Wewe, karani. Na usiambie mtu."

Nimeona heshima. Angalau mtu mmoja katika Ekerenyo anakumbuka nani ni msomaji.

Ijumaa, 19 Machi

Nimechagua. Iko Nehemia, sura ya watu waliojenga ukuta. Majina matupu, baba wa fulani mwana wa fulani, majina ambayo hata mchungaji huyapita mbio. Sijawahi kuisoma katika nyumba hii. Hana neno moja lake kichwani.

Nilijiambia ni kwa ajili ya haki. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama. Si kweli. Nataka akwame. Nataka akwame mbele ya yule msichana, ageuke anitafute mimi kwa macho, na mimi nimpe neno, kwa upole kabisa, watu wote wakiona. Sitaki zaidi ya hapo.

Jumatatu, 22 Machi

Kila siku nafikiri kubadilisha. Zaburi yoyote ingetosha. Kisha namwona anavyofunga kilemba kipya kwenda darasani, nami naacha ilivyo.

Sabato, 27 Machi

Kanisa limejaa mpaka mlangoni. Mwalimu Kerubo alikuja, Mkatoliki kati ya Wasabato, akaketi benchi la mwisho upande wa wanawake. Sisi tunapiga magoti, yeye bado amesimama. Sisi tunasimama, yeye ndiyo anapiga magoti. Watoto walimcheka. Hakujali.

Watu wakatoa mafungu yao. Kisha Mzee Nyabuto akamwita Bosibori, akanipa ishara. Nilifungua Nehemia nikaweka Biblia mezani mbele yake. Alitazama ukurasa. Aliyaona majina. Hakunitazama.

Akaweka kidole.

Alisoma polepole. Jina la kwanza, la pili. Anasimama, anavuta pumzi, anaingia jina jingine. Nyuma, bibi mmoja akasema amina. Jina la tatu, amina tena. Basi wale mabibi wote wakaanza, kila mjenzi wa ukuta akisomwa wanamwitikia amina, kama ni jamaa zao waliorudi kutoka safari. Mimi nimesimama pale hatua mbili kutoka kwake, siamini masikio yangu.

Halafu akakwama. Jina refu, baya, lenye silabi sita. Amina zikakatika. Kidole kikabaki mahali pamoja. Watu wakaanza kukohoa. Mzee Nyabuto akatazama viatu vyake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa saa yangu. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikamtazama, nikangoja ageuke. Hakugeuka. Nikamtazama mwalimu kule nyuma, nikidhani nitamkuta anatetemeka. Alikuwa ameweka mikono mapajani, ametulia kabisa. Na Bosibori hakumtazama hata yeye. Alilimega lile jina kama anamega ugali wa moto, kipande, akapoa, kipande, akapoa, kisha akarudi mwanzo akalitamka lote mara moja.

"Buya mono! Vizuri sana!" Mama Ondieki akapiga kelele, kanisani, siku ya Sabato. Akina mama wakasimama. Alisoma mpaka mwisho wa sura watu wakiwa wamesimama.

Kutoka nje walimpa mkono mwalimu. Wengine walinipa na mimi, wakasema hongera karani, umetuchagulia vizuri. Niliupokea kila mkono.

Jumapili, 28 Machi

Sikutoka.

Jumatatu, 29 Machi

Kazini. Vikapu vimejaa, mvua imeleta majani. Kila mwanamke anayeweka kikapu kwenye mizani ananiuliza habari ya msomaji. Nasema hajambo.

Jumanne, 30 Machi

Mvua toka asubuhi, kituo kimefungwa. Bosibori alikuwa jikoni anachambua mboga ya chinsaga. Niliingia, jambo nisilolifanya mara nyingi, nikasimama karibu na mlango. Nilikuwa nimelikariri nitakalosema. Nikalisema vibaya. Nilisema sura ile niliichagua mimi.

Akasema anajua. Yeye ndiye aliyemwomba Mzee Nyabuto aniachie mimi kuchagua.

Nikauliza kwa nini. Akasema baada ya maneno yangu kwenye baraza, sura yoyote ambayo angepewa na mtu mwingine wangesema aliijua. "Nilitaka ngumu kuliko zote. Nikajua hakuna atakayeitafuta kama wewe."

Nikasema, bila shaka mwalimu ndiye aliyekupa akili hiyo.

"Yaya, hapana. Mwalimu alikasirika akifikiri mimi nakusingizia. Anasema karani ni mtu mzuri, amenisomea miaka kumi, atanitafutia mahali pazuri." Akageuza majani kwenye ungo. "Nikamwambia, wewe mwalimu bado ni msichana. Mimi ndiye nimeolewa naye."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema mvua inanyesha.

Kumbe yule msichana aliniamini na mimi. Hakuna aliyeniambia.

Nilikaa pale mlangoni mpaka mboga ikaisha.